Meza ya Kupigia Pasi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kukaa chini. Mama anaendeleaje? Je, mkono wa kulia umeanza kushika kijiko, au bado anakutegemea kwa kila tonge? Mimi ni mzima. Utanicheka kwamba mtu wa kompyuta anaandika kwa kalamu, lakini ukweli ni kwamba kwenye simu hujaniacha hata siku moja nimalize hoja.

Umewahi kuniuliza kitengo chetu cha kompyuta kinafanya nini hasa. Tunawasaidia wafanyakazi wa kampuni hii ya bima mitambo inapowagomea, wakiwamo wanaofanyia kazi nyumbani. Hao wa nyumbani tulikuwa tukiwatibu kwa simu tu. Mwenzangu mmoja tunamwita Zima-Washa, kwa kuwa dawa yake ni hiyohiyo kwa kila ugonjwa.

Kati yao yuko karani wa madai ambaye sisi tulimwita Bi Sauti, maana hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Kila asubuhi alipiga simu kusema mtandao umemkatikia, na kila asubuhi aliambiwa azime, awashe. Mwishowe meneja wake akatoa amri: ama arudi ofisini mwezi ujao, ama aache kazi. Naye hawezi kurudi. Mumewe alianguka kutoka kwenye jengo alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi, tangu hapo hainuki kitandani, na hana mtu mwingine wa kumgeuza.

Unanijua, sikunyamaza. Kikaoni nilieleza wanafalsafa wamesema nini juu ya haki ya mfanyakazi, nikapanga hoja zangu kama matofali. Mkuu wa kitengo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, kwa jina la utani walilonipa hapa: Profesa, nyumbani kwake umefika? Zima-Washa akacheka hadi akapaliwa. Nilikasirika, lakini nikaomba anwani yake. Kesho yake nikaenda.

Ni chumba kimoja, ghorofa ya juu. Kompyuta ya kampuni imewekwa juu ya meza ya kupigia pasi iliyosukumwa hadi kugusa kitanda, ili mkono mmoja uandike na mwingine umfikie mgonjwa. Mumewe alinikaribisha kwa kunitania kwamba kama nimekuja kuangalia kisichoamka, basi nianze na yeye.

Bi Sauti alinunua bando la mtandao, akawasha, nami nikakaa kutazama. Hata chai aliyonimiminia haijapoa, bando likawa limekwisha, na hajafungua hata faili moja. Wezi tulikuwa sisi. Ofisi hutuma masasisho ya programu kwa mashine zote saa ileile ya kuanza kazi. Ofisini waya mnene huyameza bila mtu kujua; kwake hunywa bando lote, hukatikia njiani, na kesho huanza upya. Tulikuwa tukimtega mguu, kisha tunashangaa anajikwaa.

Nilirudi kikaoni bila mwanafalsafa hata mmoja. Nilieleza nilichokiona, nikaomba masasisho yatumwe usiku, kampuni iwalipie walio kama yeye mtandao wa nyumbani, na simu ikishindwa, mtu wetu aende. Meneja alibisha kwamba nyumbani ni mahali pa kulala. Nikamwambia aende akamwone Bi Sauti anavyolala. Mkuu akakubali, na meneja, kwa shingo upande, akaifuta amri yake. Bi Sauti alipopiga simu kushukuru, Zima-Washa mwenyewe ndiye aliyeomba radhi.

Kisha mkuu akauliza nani atasimamia dawati hili la watu wa nyumbani. Wote wakainamia simu zao. Nikasema mimi, kwa sharti moja. Na hapa, dada, ndipo penye jambo ambalo nimelizunguka tangu salamu.

Pale kwenye ile meza nilikuona wewe. Ulipoiacha chaki ili umuuguze Mama, hukunipigia hesabu wala hukunung'unika. Sharti langu lilikuwa kwamba dawati hilo nitalisimamia nikiwa nyumbani, nyumbani kwetu, na limekubaliwa. Nakuja mwisho wa mwezi. Kijiko cha Mama nitakishika mimi. Wewe nenda kwa mwalimu mkuu ukaombe darasa lako. Sikukuuliza kwanza kwa sababu najua ungebisha, na ubishi wetu ni wa ukoo mmoja.

Mpe Mama salamu zangu, umbusu ule mkono wa kulia. Majirani wanaouliza, waambie naja na kelele zangu zote. Mimi nipe pembe yoyote yenye dirisha. Meza ya kupigia pasi usiniwekee. Utaihitaji mwenyewe kwa gauni la shuleni.

Ni mimi mdogo wako mbishi, ninayekupenda,

Profesa