Mtoto wa Sita Ndiye Niliyemwona

Busan, 12 Machi 2023

Kwa binti yangu Eun-sol,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila goti linanisumbua nikiteremka ngazi. Natumaini wewe, mkwe wangu Gi-beom na mjukuu wangu Da-on hamjambo huko Suwon, na bega la mtoto limeshapona.

Najua utacheka ukiona barua tena. Mtu aliyesambaza barua za wenzake miaka thelathini na minne hawezi kuanza kubofya simu uzeeni. Nivumilie.

Nimepata kazi, usishtuke. Ni ile ya wazee: fulana ya njano, kibendera cha njano, kuvusha watoto wa shule ya msingi asubuhi. Mwenzangu wa upande wa pili ni Bi Maeng aliyekuwa akiuza tofu sokoni. Anapuliza filimbi kama refa. Njia yetu unaijua, magari mawili yakikutana moja lazima lirudi nyuma. Siku hizi imejaa mashangingi, yale magari makubwa ya juu. Yanapanda kutoka barabara kuu, kila moja na mtoto mmoja ndani, halafu yanakwama pale pale.

Gi-beom aliniambia nanyi mmenunua moja. Nikadhani sijasikia vizuri. Ni kweli?

Baba yako

*

Suwon, 26 Machi 2023

Baba, shikamoo.

Barua imefika na Da-on ameing'ang'ania kwa ajili ya stempu. Sote wazima, na bega limepona. Wewe nenda ukapimwe hilo goti, usijifanye kijana.

Ni kweli. Jeusi, viti saba, na kidaraja cha kupandia. Najua unavyoyaona. Lakini wewe hukuwepo siku ile ya mvua. Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, sina kosa lolote, lori likatugonga kwa nyuma. Kigari chetu kilijikunja kama kopo, buti lote likaingia kwenye kiti cha Da-on. Nilimtolea mlango wa mbele. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama tu. Askari akaniambia, "Dada, mngekuwa kwenye gari la juu, huyu mtoto asingeguswa."

Neno hilo halijanitoka. Miezi mitatu Da-on akisikia breki tu anapiga kelele. Sasa anasinzia safarini, mdomo wazi. Nipe sababu moja ya mimi kuona aibu.

Mwanao, Eun-sol

*

Busan, 30 Aprili 2023

Eun-sol mwanangu,

Hujambo? Huku maua yameshapukutika na vumbi la njano kutoka jangwani limetukaba makoo. Mengine ni salama. Daktari anasema goti ni umri tu.

Sababu ninayo, ila usiifanye aibu. Mzee Noh muuza keki za mchele ana shangingi. Asubuhi moja alisimama kwenye kivuko, kisha akaanza kuondoka wakati watoto wawili wako mbele yake, wameinama kuokota penseli. Bi Maeng akalipiga boneti kwa kibendera.

"We Noh! Huoni watoto?"

"Watoto gani?"

Hakuwa anatania. Alikuwa hawaoni kweli.

Wiki iliyofuata mwalimu mmoja akaomba tujaribu kwenye uwanja wa shule, gari la Mzee Noh likiwa limezimwa. Nikapanda mimi kwenye kiti cha dereva. Akawapanga watoto wa darasa la kwanza mstari mmoja, kuanzia kwenye bampa kwenda mbele. Wakiwa wamesimama, wa kwanza nilimwona nywele tu. Akawaambia wachuchumae kama mtu anayefunga kamba za viatu. Wa kwanza akapotea. Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Mtoto wa sita ndiye niliyemwona, anacheka. Sauti zao wote nazisikia, na mbele yangu uwanja mtupu.

Mzee Noh akapanda naye. Aliposhuka alikwenda kukaa kwenye ngazi.

Halmashauri itaita kikao Juni, wakazi waseme kama mashangingi yazuiwe njia ya shule asubuhi. Nimeombwa nizungumze. Sikuandikii kukulaumu. Nakuomba tu, mwambie Gi-beom achuchumae mbele ya gari lenu, wewe ukae ndani, uone.

Baba yako

*

Suwon, 14 Mei 2023

Shikamoo Baba,

Hatujambo. Asante kwa dagaa wakavu, tumeshawamaliza.

Sikumchuchumaza mtu. Nina yangu ya kutosha. Maghorofa yetu ni ya zamani, maegesho yalichorwa enzi za vigari. Nikiegesha, jirani wa kushoto hawezi kufungua mlango wake. Wananibandikia karatasi kwenye kioo: "Mama Shangingi, ungenunua na uwanja wa kuliweka." Juzi mwanamume mmoja wa ghorofa ya tisa alinisubiri kabisa.

"Dada, unakwenda vitani au sokoni?"

"Nakwenda kumchukua mwanangu. Na wewe kama mlango haufunguki, punguza tumbo."

Walinzi wakaangua kicheko. Nami nilicheka mpaka ndani ya lifti, halafu nikalia.

Kila mtu ananiona mimi ndiye tatizo, na hakuna anayeuliza kwa nini nililinunua. Sema utakachosema kwenye kikao chako, Baba, siwezi kukuzuia. Ila mimi usinitaje.

Mwanao, Eun-sol

*

Busan, 18 Juni 2023

Mwanangu Eun-sol,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima. Nataka ulisikie hili kwangu kabla hujalisikia kwingine: nimekutaja.

Ukumbi ulijaa. Nilieleza habari ya uwanjani, watu wakasikiliza. Kisha akasimama bwana mmoja mwenye ukumbi wa mazoezi, ana mashangingi mawili. "Mzee anatufundisha vizuri," akasema. "Basi atuambie, kwao hakuna anayeendesha hayo magari?"

Ningeweza kusema hakuna. Naishi peke yangu, nina baiskeli. Nikasema, "Binti yangu analo. Alilinunua baada ya mwanawe kuumia kwenye kigari. Nampenda, na kwa jambo hili amekosea."

Wengine wakacheka, wengine wakapiga makofi. Binti wa gazeti la hapa aliandika yote, na picha yangu ikatoka nikiwa na fulana ya njano. Uamuzi umesogezwa mpaka Novemba.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako

*

Busan, 3 Oktoba 2023

Eun-sol,

Natumaini hujambo. Hii ni ya tatu tangu ile ya Juni. Labda posta siku hizi imezorota.

Sikukuu ya mavuno imepita. Gi-beom alikuja na Da-on kwa treni, akasema wewe una kazi nyingi. Sikumdadisi. Niliandaa meza ya kumkumbuka mama yako, Da-on akanisaidia kupanga peasi, akaniambia zote zinatakiwa kutazama upande mmoja. Ulimfundisha wewe.

Mimi mzima.

Baba yako

*

Suwon, 29 Oktoba 2023

Baba, shikamoo.

Barua zako zote zilifika. Nilizisoma. Tuko hai, na Da-on ni mzima.

Siku kumi na mbili zilizopita, saa nne asubuhi, nilikuwa natoka kwenye maegesho. Nilisimama kumpisha mtu wa pikipiki anayepeleka chakula. Alipopita nikatazama kushoto, kulia, mbele. Mbele palikuwa peupe. Nikaachia breki. Nikasikia kitu kinasagika, nikadhani ni boksi.

Lilikuwa boksi, na mkokoteni, na Bi Chu. Ni bibi wa miaka themanini na moja anayeokota makaratasi mtaani kwetu. Mgongo wake umepinda, kichwa chake kiko usawa wa kiuno changu. Boksi lilimdondoka mbele ya bampa, akainama kuliokota. Mkono umevunjika mahali pawili, na nyonga ina ufa.

Yule wa ghorofa ya tisa ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Alivua koti akamfunika. Mimi hakuniambia neno, na nilitamani aniambie.

Hospitalini nilikaa pembeni ya kitanda. Alipofumbua macho nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Nisamehe wewe, mama. Nimekuharibia asubuhi yako. Mimi ni mfupi sana siku hizi."

Baba, aliniomba radhi kwa kuwa mfupi.

Polisi wamechukua maelezo, nasubiri barua yao. Gari liko chini limefunikwa. Nimemwambia Gi-beom tuliuze. Anasema, je, Da-on akianza tena zile kelele? Hospitali nakwenda kwa basi kila siku.

Najua kikao chenu ni wiki ijayo. Ukitaka, wasomee barua hii. Taja na jina langu. Safari hii nakuruhusu.

Mwanao, Eun-sol

*

Busan, 12 Novemba 2023

Mwanangu Eun-sol,

Pole. Bi Chu anaendeleaje? Anakula? Nimetuma kifurushi, kina mwani na dagaa. Nusu yako, nusu yake, na usimpunje.

Kikao kilikuwa Jumanne. Bwana wa mazoezi alisema tena yale yale. Mwenyekiti akaniita: "Mzee Pyo, una la kuongeza?" Nikasimama. Barua yako ilikuwa mfuko wa ndani, mkono ukaishika. Nikasema, "Nilishasema mwezi wa sita," nikakaa.

Bi Maeng anajua habari yako, maana kusoma peke yangu ilinishinda. Akanifinya paja. "Isome, we mzee! Tutashindwa hapa!"

Tulishindwa. Kura za wajumbe tisa kwa saba, mashangingi hayatazuiwa. Walichokubali ni kuifunga njia kwa magari yote kwa muda wa saa moja kila asubuhi, kwa majaribio mpaka majira ya machipuko. Pengine barua yako ingegeuza hizo kura mbili. Bi Maeng anasema ingegeuza, na tangu Jumanne hanisalimii. Lakini mwezi wa sita nilichukua maumivu yako nikayatoa mbele za watu kwa sababu yalinifaa. Safari hii uliniandikia mimi.

Kuhusu kuliuza, sitakushauri. Lori liliwagonga kweli, na Bi Chu ameumia kweli. Mimi sina neno la kutosha yote mawili, nimelitafuta.

Njooni mwezi wa kumi na mbili. Mkija kwa treni nitakuwa stesheni. Mkija na gari, liacheni chini, barabara kuu, msihangaike na njia yetu. Nitateremka mwenyewe kuwapokea. Nitasimama pembeni, mbali kidogo, mahali utakaponiona.

Baba yako