Aliyemuua Ufunguo

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Natumaini hujambo, na baba mafua yamemwachia. Mimi ni mzima, ila nimechoka, uchovu ule wa kuamka nao.

Kazi yangu unaijua: nasahihisha miswada na kufungua barua za wasomaji wa riwaya za Lango la Chumvi. Tangu kitabu cha tatu kitoke, na shujaa wake Ufunguo afe ukurasa wa mia mbili na kumi, barua zinaletwa kwa magunia. Kuna wanaotukana kwa herufi kubwa. Mmoja ametuma picha ya paka wake kavishwa kitambaa cheusi, eti anaomboleza. Jumamosi wasomaji walijazana mlangoni kwetu na majoho ya buluu kama lake, funguo zilizokatwa kwa maboksi shingoni, wakiimba Ufunguo arudishwe. Mlinzi wetu, ambaye hajasoma hata jalada, aliniuliza huyo marehemu alikuwa idara gani. Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikashindwa kuinuka.

Mkuu wetu anataka Ufunguo afufuke kitabu cha nne. Anasema katika riwaya za vijana, wafu hurudi, hilo lisituumize kichwa.

Jumatatu nilifungua bahasha nikakuta mwandiko wako. Kumbe nawe una joho! Umemwandikia mwandishi kwamba kaka yetu alipofariki hukutoa chozi, si hospitali si makaburini, lakini ukurasa ule umekuliza siku mbili. Kisha ukamwuliza: "Yale maneno ya Ufunguo, 'niwekeeni viatu mlangoni, natoka kidogo,' umeyatoa wapi? Ni ya kaka yangu, na tuliomsikia ni mimi na dada tu. Kama dada ndiye aliyekusimulia, mbona mimi haniambii chochote?"

Mdogo wangu, sikumsimulia mtu. Mwandishi alipatwa na kiharusi akiwa sura ya tisa ya kitabu cha tatu. Hasemi, wala kalamu haishiki. Mkuu alinikabidhi mswada niumalizie, akanionya nisimwambie yeyote. Ufunguo nimemuua mimi. Mwandishi alikuwa amepanga apone; nilijaribu kumponya mara nne, mkono ukakataa. Miaka miwili nimeshindwa kukaa nawe tumtaje kaka, halafu nikaenda kumlilia mbele ya watu nisiowajua. Nisamehe. Maneno yale yalikuwa yetu sote, na nimeyatoa bila kukuuliza.

Jana nimemwambia mkuu simfufui mtu. Alikasirika, akasema atampa kazi mwingine. Nikamwachia mswada wa kitabu cha nne mezani kwake, nikaomba ruhusa ya wiki.

Nitafika Ijumaa mchana. Habari ya kiharusi ibaki kwako, maana familia ya mwandishi haijataka ijulikane. Na joho usilifiche, nataka kukuona ukiwa umelivaa. Msalimie sana baba, umwambie aache kutoka kifua wazi. Tukishakula tutaingia chumba cha kaka, wewe na mimi. Hata tukikaa tu bila kusema, tutakuwa tumeingia.

Wako akupendaye,
Dada yako