Nani Kamtoa Binti Yangu?

3 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima huku ugenini, ila mikono inanuka hamira hata nikitoka kuoga. Goti lako linaendeleaje? Mama msalimie, ingawa najua bado amenuna tangu nilipoondoka bila ridhaa yake.

Naandika mbio, mikate iko kwenye tanuri. Hapa kazini tumeanza besiboli. Jana nimetolewa mara mbili, zote mbele ya bosi. Wenzangu wamenicheka sana, lakini sijakata tamaa.

Mwanao

19 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma mvua ikikaribia, mengine salama. Barua yako niliisoma huku nanyoa mteja, nikamfyeka nusu ya sharubu. Ikabidi nimalizie na nusu ya pili, na hajanisemesha mpaka leo.

Besiboli siijui, lakini kutolewa kazini nakujua. Mara mbili kwa siku moja, umefanya nini, mama? Nimemwandikia bosi wako kwa heshima zote akuvumilie. Nimemweleza kwamba u mkaidi kama mama yako, lakini huibi wala huchelewi. Shangazi yako amelia mpaka majirani wakaja kutupa pole ya msiba. Mama yako alichukua ungo. Alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Kama ni kweli, rudi nyumbani.

Baba yako

8 Juni

Kwako Baba,

Shikamoo, na pole kwa usumbufu. Mwambie Shangazi afute machozi, kazi ninayo. Besiboli ni mchezo.

Timu moja inapiga mpira kwa gongo, nyingine imetawanyika uwanjani kuudaka. Ukipiga, unakimbia kupitia vituo vitatu mpaka urudi ulipoanzia. Ukifika, hiyo ni pointi. Ukirushiwa mipira mizuri ukaikosa mitatu, umetolewa. Ukipiga, mpira ukadakwa kabla haujagusa chini, umetolewa. Ukipiga ukakimbilia kituo cha kwanza, mpira ukakutangulia, umetolewa pia. Wakitolewa watatu mnabadilishana, waliokuwa wanadaka wanashika gongo. Pande zote mbili zikishapiga, hiyo ni raundi moja, na raundi ziko tisa. Saa haina kazi. Mkitoka sare mnaongeza raundi, hata kama watu wana njaa.

Sasa barua yako kwa bosi. Mwenzetu mmoja anayejua lugha yetu alimsomea bosi, na bosi akacheka mpaka akakalia gunia la unga. Jumapili tukawa raundi ya tisa, zamu yetu ya mwisho, nyuma kwa pointi moja, wawili wameshatolewa. Dereva wa gari la mikate alikuwa anakwenda kupiga. Bosi akamrudisha, akaniita mimi niliyekuwa benchi.

"Baba yako ameniomba nikuvumilie," akasema. "Haya, nenda."

Baba, niliupiga. Ulipaa mpaka nikaona aibu kwa furaha. Nikakimbia, watu wananishangilia, kumbe mpira unashukia mikononi mwa mama mmoja mnene ambaye hata hakusogeza mguu. Wa tatu kutolewa nikawa mimi, mchezo ukaisha. Dereva haniongeleshi. Bosi ameniambia tu nisichelewe kesho.

Mwanao

2 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Tuko salama, na nimemwandikia bosi wako kumshukuru.

Niliwaeleza wateja mchezo wako, sasa kila jioni tunacheza nyuma ya kibanda changu cha kunyolea. Gongo ni mpini wa jembe. Jana muuza mkaa aliudaka mpira wangu, nikakataa kutoka kwa sababu kiwanja nimekifagia mimi. Tumebishana mpaka giza likaamua. Nilitaka kukueleza zaidi, lakini mama yako ameniambia nimpishe nafasi iliyobaki kwenye karatasi.

Baba yako

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Najua nimekaa kimya muda mrefu.

Baba yako anawatangazia watu kwamba mtu akitolewa ndiyo basi, mchezo umemwisha. Barua yako nimeisoma kuliko yeye. Mimi naona akitolewa anakwenda kukaa, kisha zamu yake ikifika tena anapewa gongo kama wenzake. Nimewaambia hivyo pale kiwanjani, wakaniangalia kama mgeni.

Usinijibu kwa barua. Ukipata likizo njoo uwaeleze mwenyewe. Cherehani yangu nimeitoa chumbani kwako, iko sebuleni.

Mama yako