Nguzo ya Banda la Gari

Ijumaa, 10 Agosti 1973

Lushoto. Tumefika saa kumi jioni. Nimefungua madirisha, nimekung'uta magodoro, nimefagia mavi ya panya jikoni. Kama kila likizo. Nyumba hii aliniachia marehemu baba. Karibu mwaka mzima imefungwa, sisi tuko Tanga. Unyevu umepanda ukutani.

Mume wangu, Baba Neema, aliingiza gari bandani akagonga nguzo. Banda ni la zamani, la mbao na bati, lakini mlango wake hata lori linapita. Nguzo ilivunjika, paa likainama upande. Alishuka akasema mchwa wameimaliza. Niliangalia mbao pale ilipovunjika. Nyeupe, nzima. Hakuna mchwa.

Jumamosi, 11 Agosti

Siku nzima tumetengeneza banda. Nimechoka, na si kwa kazi.

Fundi amekuja asubuhi na ukungu. Mzee Shemboza, seremala, aliyemfahamu baba yangu. Nikampa shikamoo yake. Alileta gogo la mkaratusi, msumeno na kopo la misumari. Tulilitegemeza paa kwa miti miwili, tukang'oa nguzo iliyovunjika.

Baba Neema hakutaka fundi apime. Alisema yeye ndiye mpima ardhi, serikali imempa cheti. Akavuta futi, akaisogeza karibu na pua. Akaisogeza tena. Akataja kipimo. Fundi alimtazama, akakata hapo hapo alipoambiwa. Nguzo ikawa fupi. Kiganja kizima na zaidi. Mzee alitafuta jiwe bapa akaliweka chini, kana kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Baadaye bawaba za mlango. Mume wangu alipapasa kila msumari kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Nilimwona. Alipiga kidole mara mbili. Damu. Nilifunga kitambaa, akasema nyundo ina mpini mbovu. Fundi alimnyooshea msumari mwingine, yeye akaushika hewani, pasipo na msumari.

Hapo ndipo Mzee Shemboza alinisemesha Kishambaa. Polepole, huku akiendelea kupiga randa.

"Mwanangu, mumeo haoni. Usikubali akushushe kwa gari. Mpande basi."

Baba Neema ni mtu wa Songea. Miaka kumi na sita ya ndoa, Kishambaa anajua salamu tu.

"Anasemaje mzee?"

"Anasema mvua itanyesha."

Nimemdanganya mume wangu mbele yake, kwa lugha ya kwetu. Paa limesimama. Mlango unafunga ukiuinua kidogo.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani alishika kitabu cha nyimbo, ukurasa haukuwa wenyewe. Aliimba vizuri. Zote anazijua kwa moyo.

Baada ya chakula nilimwambia tuliache gari bandani, tushuke kwa basi. Akauliza kama gari ni bovu. Nikasema hapana. Akauliza sasa je. Nikasema, "Macho yako, Baba Neema."

Aliondoka mezani. Akazunguka nyumba, akarudi, akasimama mlangoni.

"Mkoa huu nimeupima kwa macho haya."

"Najua."

"Ukinena ofisini, Mama Neema, wamenimaliza."

Kumbe anajua. Tangu lini? Nilimwomba twende hospitali. Akasema ameshakwenda, peke yake, mwezi wa tatu. Aliyoambiwa hasemi.

Nina hasira. Ningekuwa najua kuendesha gari! Najua kufundisha hesabu darasa la tano, basi.

Jumatatu, 13 Agosti

Tumeshuka kwa gari, basi amelikataa. Nimekaa mbele nimeshika dashibodi kwa mikono miwili. Ukungu hadi Soni. Baada ya kona ya kwanza nikaanza kusema. Kona kushoto. Mbuzi. Basi linapanda, bana kulia — hapana, kushoto, kushoto! Hakuniuliza kwa nini nasema. Alikuwa anafuata. Mimi nilikuwa macho, yeye mikono.

Chini ya Soni nilipiga chafya. Chafya moja. Mama mmoja alikuwa kando na tenga la mapeasi kichwani. Niliona kanga yake tu ikiruka mtaroni.

Mzima, namshukuru Mungu. Amechubuka goti. Alitutukana Kishambaa na alikuwa na haki. Mapeasi yalitawanyika hadi kwenye majani. Baba Neema alipiga magoti kuyaokota. Anapapasa nyasi, anapita juu ya peasi, analiacha, anarudi. Yule mama akanyamaza katikati ya tusi. Akaniangalia mimi. Akaanza kuyaokota mwenyewe, na mengine akayaweka karibu na mikono ya mume wangu ayapate.

Aibu hiyo sitaisahau. Si ya kugonga. Ya kuhurumiwa.

Kutoka Mombo njia imenyooka. Niliendelea kushika dashibodi mpaka nyumbani.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimekwenda hadi kwenye geti la ofisi yake. Nilikusudia kumwona mkubwa wake. Mlinzi akanipa shikamoo, akauliza mpima hajambo? Nikasema hajambo. Nikarudi.

Nikisema, amekwisha. Nisiposema, atakwisha hivyo hivyo, na huenda na mtu mwingine. Neema yuko bweni, ada yake inatoka kwenye mshahara huo. Nimeomba.

Ijumaa, 24 Agosti

Barua ya ofisi imeletwa mchana. Aliiweka mezani, akaipangusa kwa kiganja. Nikaichukua nikaisoma kwa sauti, kana kwamba najisomea. Anatakiwa Handeni wiki ijayo, kupima viwanja vya kijiji kipya cha ujamaa. Familia zinahamishwa, kila moja ioneshwe mahali pa kujenga. Athibitishe kwa sahihi.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

Jirani alikuwa anatwanga. Baba Neema akatoa kalamu mfukoni, akaifungua.

"Mstari uko wapi?"

Nilishika kidole chake nikakiweka. Akatia sahihi. Nikapuliza wino ukauka, nikakunja barua, nikaitia kwenye bahasha.

Nimepika wali na maharage. Amekula vizuri.