Njia ya Kambi ya Juu Inashukwa Kinyumenyume

Jumamosi, likizo ya Agosti. Kambi ya juu, jioni. Baridi ya kung'ata masikio, manyunyu yameacha sasa hivi tu, na naandika kwenye simu kwa vidole ambavyo sivihisi. Huku hakuna mtandao. Haya mtayasoma nikishuka Nkubu.

Leo nilikaribia kuharibu kitu kizuri kwa sababu ya huruma.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani pale Nkubu. Utotoni sikuwa skauti. Niliingia kwa mlango wa nyuma: nilishonea watoto wa shule moja ya Kanyakine skafu, nikaombwa niwasindikize siku moja, na hiyo siku moja haijaisha mpaka leo. Kufunga mafundo nilijifunza peke yangu dukani, wateja wakingoja.

Kiongozi wetu ni Mwalimu Kirimi. Anastaafu mwaka huu, na hii ndiyo safari yake ya mwisho mlimani na watoto. Tangu muhula uanze amekuwa akisema anataka kuiona kambi ya juu mara moja tu zaidi, halafu aende akalishe ng'ombe wake kwa amani.

Shida ni magoti.

Hakuna aliyeniambia. Kabla ya safari aliniletea suruali yake ya skauti nimpanulie magotini. Magotini peke yake. Fundi akiombwa kupanua kiuno anajua mtu amenenepa. Akiombwa kupanua magoti anajua kuna bandeji inatafutiwa nafasi. Nilipanua, sikuuliza.

Jana tukipanda kutoka lango la msitu hadi kambi ya chini alienda vizuri. Lakini kila palipokuwa na mteremko aligeuka akashuka kinyumenyume, uso kwa watoto, akipaza sauti, "Nataka kuwaona wote! Skauti haachi mtu!" Mara ya kwanza nilimwamini. Baadaye nikamtazama midomo. Ilikuwa imekazwa kama mshono.

Leo asubuhi alinituma nikaangalie njia ya kuja huku juu, nirudi nitoe ripoti mbele ya kikosi. Nikaenda na askari wa msitu anayetulinda, pamoja na Makena, kiranja wa watoto, msichana wa kidato cha tatu ambaye hata huyo askari anamwogopa kidogo.

Njia yenyewe, kwa faida ya atakayeipita. Mwanzo ni mianzi, na mingi imelala njiani baada ya mvua. Unainama, unaruka, unainama tena. Mavi ya ndovu yapo, lakini ni ya zamani, yameota uyoga. Matope yanafika kwenye kifundo cha mguu, na kuna mahali yalitaka kubaki na kiatu changu. Hayo yote ni usumbufu tu. Halafu unafika mtoni. Kidaraja cha magogo kimebebwa na maji, ila maji ni ya magotini na mawe yapo, unavuka. Ubaya uko kwenye ukingo wa upande wa kambi ya chini, kabla hujafika majini: mteremko wa udongo mtupu, mrefu kushinda nyumba, unateleza kama sabuni, na mizizi imejitokeza hapa na pale.

Makena aliuteremka kwa matako akicheka. Akapanda, akashuka tena. Hiyo ya pili sikuiangalia. Nilikuwa natengeneza uongo wangu.

Nikisema njia inapitika, Mwalimu atakuja, maana huyo si mtu wa kuachwa alinde sufuria. Ataanguka mbele ya watoto, labda avunjike. Nikisema imefungwa, tunarudi wote nyumbani na heshima yake iko sawa, lakini kambi ya juu hataiona tena maishani. Nikachagua imefungwa. Daraja si limeenda kweli? Ningeanzia hapo na kuishia hapo hapo.

Tukirudi nikaanza kumwandaa shahidi wangu.

"Makena, umeona vile daraja limeharibika?"

"Nimeona, Fundi. Lakini tumevuka bila hilo."

"Maji ni mengi."

"Yamenifika hapa tu." Akaonyesha goti. "Kwani Fundi unaogopa maji?"

Askari alicheka mpaka akakohoa. Nikaongeza mwendo.

Kikosi kikajipanga. Mwalimu alisimama mbele, mikono nyuma, suruali yangu ikimkaa vizuri. Nikatoa ripoti: mianzi, matope, daraja. Nikafika kwenye ule mteremko. Kabla sijasema lolote, Makena akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pale mtoni panateleza vibaya. Nimeshuka kawaida, nikaanguka. Nikapanda tena nikashuka vile wewe hushuka, kinyumenyume, nikishika mizizi. Sikuanguka. Naomba sote tushuke hivyo, na kamba. Wewe utangulie utuonyeshe."

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Mimi nitangulie?"

"Si wewe ndiye unajua, Mwalimu."

Basi tulipofika mtoni nikafunga kamba kwenye mti, fundo nililojifunza dukani, na mwisho wake nikaushika mwenyewe. Mwalimu akageuka, akaupa mteremko uso na mto mgongo, akaanza. Polepole. Hakuna aliyeona ajabu, maana kwa namna ile hakuna mtu anayeweza kwenda haraka. Mahali fulani mguu wake ulitafuta mzizi hewani na kamba ikanikaza viganja. Kisha ikalegea. Alikuwa ameupata.

Watoto wakafuata, mmoja mmoja, matako mbele.

"Wasee," akasema Mutuma, mcheshi wetu, akiwa katikati ya mteremko, "tukipata wale skauti wa Embu huko kambi, hii tusiwaambie."

"Tutawaambia!" Mwalimu akajibu kutoka chini. "Na wakitaka tutawafundisha!"

Nilipofika chini nilimkuta amegeukia maji, ananawa uso. Alinawa kwa muda mrefu kuliko matope aliyokuwa nayo.

Huku juu tulifika mchana, yeye akiwa wa mwisho na akisema anahakikisha hakuna aliyebaki. Sasa amekaa kwenye jiwe, miguu imenyooshwa. Ukungu ulifunguka kidogo, kilele kikaonekana, kikafichwa tena. Hakusema kitu kuhusu kilele. Alisema, "Fundi, ile ripoti yako asubuhi ilikuwa inaenda wapi?"

"Ilikuwa inaenda nyumbani, Mwalimu."

Akacheka, kisha akajipapasa goti. "Asante kwa suruali."

Nimemfuata Makena anakomenya viazi. Nikamuuliza kama alijua.

"Kujua nini, Fundi?"

Akaendelea kumenya. Huyo mtoto amenishinda; uso wake hauna mahali pa kuingiza sindano.

Siku zote hizi nimejiona mwerevu kwa kujua siri ya magoti. Nilichofanya na hiyo siri ni kutafuta mlango wa kumfungia mtu. Mtoto wa kidato cha tatu, akijua au asijue, akatafuta kamba.

Kesho njia karibu yote ni ya kushuka. Nimeamua nitageuka kabla yake, hata pale pasipoteleza.