Alama kwenye Shavu la Solange

Bunia, Nyakasanza. Jumanne.

Mvua ndogo tangu alfajiri, ile isiyonyesha vizuri wala kuacha. Miguu imevimba tena. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, napumzika kila baada ya mistari miwili. Daktari aliniambia moyo wangu umechoka sana, na hakutabasamu aliposema hivyo, kwa hiyo sijipi tena miezi. Najipa siku.

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka ule vita vilipotulia kidogo na watu wakaanza kurudi mjini.

Jana mchana mjukuu wangu Solange alikuja kunipikia mimi babu yake. Ana mimba ya miezi mitano. Upande wa kushoto wa uso wake, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni, kuna alama nyekundu iliyoiva, ya tangu kuzaliwa. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuniangalia.

"Koko, mutoto wangu atatoka na hii alama?"

Nikaanza kumweleza kama nilivyokuwa nikieleza darasani. Akanikata.

"Usinipe masomo, Koko. Sema ndiyo ao hapana."

"Hapana. Karibu hakika, hapana."

"Juu watu wa kwa bwana yangu wameanza kuuliza. Wanasema kama damu ya mama na ya papa zilikataana, yangu pia itakataa ya mutoto wao. Wakinirudisha sawa vile mulirudisha mama, nitaenda wapi?"

Maneno hayo, kwamba damu zilikataana, yalitoka kinywani mwangu.

Nilifundisha biolojia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka nilipasua yai lililolaliwa siku tatu na kuwaonyesha wanafunzi nyuzi nyekundu zinazotanda juu ya kiini. Hakuna aliyezichora pale. Jeni zilizo ndani ya seli ndizo zinazotoa amri: hizi ziwe ukuta wa mshipa, hapa mshipa ugawanyike, pale usimame. Sehemu inayokosa hewa hutuma ujumbe, na mishipa huota kuielekea. Kwa binadamu kazi hiyo huanza wiki ya tatu, mama mwenyewe bado hajajua kama ana mimba. Damu ya mama haiingii kwenye mishipa ile. Mtoto hujijengea yake.

Alama kama ya Solange hutokea wakati wa ujenzi huo. Herufi moja tu ya jeni moja hubadilika katika seli moja, na seli zote zinazozaliwa na hiyo hubeba kosa lile lile. Mishipa midogo ya mahali pale hubaki mipana mno, damu ikaonekana kwenye ngozi. Kosa hilo halikutoka kwa baba wala kwa mama, na kwa kawaida halipiti kwa mtoto. Habari ya herufi hiyo nimeisoma uzeeni. Lakini sitajificha nyuma ya kusema sikujua.

Solange alipozaliwa na alama hiyo, familia iliitwa kwenye kikao hapa sebuleni. Tulikuwa watu kumi na wawili. Mama yake hakuitwa, alikaa jikoni na mtoto mgongoni. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyeuliza, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, weye ndiye ulisoma. Damu ya watu wawili inaweza kukataana?"

Nikasema ndiyo, inaweza.

Si uongo. Kuna mama ambaye damu yake hupigana na ya mtoto aliye tumboni, tulifundisha hivyo shuleni. Ngozi ya mtoto hugeuka manjano, au huzaliwa amepungukiwa damu. Hachorwi alama shavuni. Hilo nililijua siku ile kama ninavyolijua leo. Nilisema nusu, nikaangalia sakafu.

Nilisema nusu kwa sababu sikumtaka yule msichana aliyekuwa jikoni. Watu wa kwao walimuua mdogo wangu wakati wa vita. Si yeye, wala si ndugu zake, ni watu wa kwao tu. Mwanangu Matayo alimpenda, nami kila alipoleta chai asubuhi nilimwona mdogo wangu.

Mtoto alipoacha kunyonya, mama yake alirudishwa kwao Komanda. Mtoto akabaki kwetu, kama desturi inavyotaka. Matayo hakunipinga. Angenipingaje? Mimi ndiye niliyesoma.

Haya yote nilimwambia Solange jana, sombe ikiwa bado mikononi mwake.

Aliitua sombe kwenye sinia. Kisha: "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na miaka yote nikikuuliza juu ya nini mama haishi na siye, ulikuwa unanipa bonbon za sukari."

Hakulia. Alifuta mikono, akapiga simu Komanda, akaniwekea sikioni. Nikarudia yote. Upande wa pili nilisikia kuku, na gari kubwa likipita. Kisha Mama Solange akasema, polepole, bado ananiita papa:

"Papa, nimesikia. Lakini muliponihukumu, mulikaa chini, watu kumi na mbili. Usinisafishe na simu. Mukae tena, museme mbele ya watu."

Akakata.

Ana haki. Wa kikao kile tumebaki saba. Wataitwa wote Jumamosi, na watu wa kwa mume wa Solange, ili wasikie wasije wakamfanyia alichofanyiwa mama yake. Mama Solange atapanda pikipiki kuja, kama barabara itakuwa wazi, bila wenye silaha njiani. Wiki hii watu wanasema ni wazi. Wiki iliyopita hawakusema hivyo.

Je, nitafika Jumamosi? Usiku huu kifua kinabana hata nikiegemea mito.

Matayo, mwanangu, najua huwa unasoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni bila kuniambia. Kama sitafika, yasome haya mbele yao, mama wa mtoto wako akiwa ameketi sebuleni, si jikoni. Soma yote. Usiruke pale niliposema kwamba nilijua.