Mama Mkwe Anataka Niseme Nilianguka Ngazini

Mpendwa Shangazi Charito, naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana Jumatatu naitwa ofisi ya mtaa niseme nani aliniumiza, na sijui nitasema nini. Naishi hapa Tondo kando ya mfereji, nyumba zetu zimetengwa na ubao mmoja tu, ukikohoa jirani anakuuliza umekunywa dawa, na mume wangu Rodel, kuli wa bandarini, akilewa hunipiga, na majirani walikuwa na desturi yao, akianza tu, Dada Lagring wa mlango wa pili, anayekodisha karaoke, anaongeza sauti mpaka mwisho na watu wanaimba kwa nguvu, si kwa ubaya Shangazi, walikuwa wananisitiri nisione haya asubuhi bombani, na mimi nilikuwa nikishukuru.

Sasa mwezi uliopita Rodel alinipiga mateke ya mbavu, muziki ukapanda kama kawaida, halafu ghafla Dada Lagring akazima mashine. Kimya! Nikajisikia nikilia, na mtaa mzima ukanisikia, na Dada Lagring akapaza sauti dirishani, "Rodel, mbona umeacha? Endelea, tunakusikiliza!" Akina mama wakajaa mlangoni, mmoja na mwiko mkononi, wakaniambia, "Jovelyn, toka na watoto, viatu tutakuletea." Nikatoka. Tangu hapo nalala kwa Dada Lagring, mbavu zinapona, na kila nikiamka namshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule, hata machozi yananitoka.

Tabu ni mama mkwe, Mama Ising. Mimi sina mama, nilipojifungua yeye ndiye aliyenikanda na kunipikia mchuzi wa kuku na majani ya mlonge, na juzi alikuja akapiga magoti, "Mwanangu, sema ulianguka ngazini. Nimekulea kama wangu, leo unanifungia mtoto?" Nikisema hivyo, Dada Lagring anayesema nilipigwa ataonekana mwongo na mchonganishi mbele ya watu wote, nisiposema nitakuwa sina shukrani kwa aliyenilea. Nifanyeje?

Jovelyn, Tondo

*

Jovelyn mwanangu, pole sana, na nashukuru kwamba u mzima na barua hii umeiandika mwenyewe. Lakini ngoja nikugombeze. Eti walikuwa wanakusitiri? Walikuwa wanamsitiri Rodel! Aibu ya kupiga ni ya mpigaji, wewe ukaibeba mpaka bombani kama ndoo yako. Lagring ameliona hilo, ndiyo maana akazima.

Moyo wako wa shukrani naupenda, usiuache. Ila mama anayempikia mzazi mchuzi wa mlonge hapiki ili baadaye aje kudai mbavu zake. Mshukuru Mama Ising kwa njia zinazofaa: mpelekee wajukuu Jumapili, mfulie, akiumwa mpikie na wewe. Uongo usimpe. Na usikubali kwamba unamfungia mtoto. Miguu iliyopiga mateke ni ya mwanawe, si yako.

Sasa nisikilize. Usisubiri Jumatatu. Leo nenda kwa daktari aandike hali ya mbavu zako, kisha nenda polisi, dawati la wanawake. Jumatatu usiende peke yako, nenda na Lagring na yule wa mwiko. Omba amri ya kumzuia Rodel asikusogelee. Akitokea mtu akakwambia mkae mpatane, mwambie sheria hairuhusu ofisi ya mtaa kupatanisha kesi ya kipigo, na usitie sahihi chochote. Rodel akija na maua na machozi, asiingie ndani.

Ukiulizwa nani alikuumiza, taja jina lake kwa sauti, mara moja, bila "lakini". Mama Ising atalia. Mpe kiti, mpe maji, mshike mkono, ulie naye ukitaka. Jibu usilibadilishe.